Ubishi wa mwanga, Kibirizi

Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wa Kibirizi, huku Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hukaa nchi kavu, na mvuvi aliyekaa nchi kavu hutafuta mtu wa kubishana naye. Juzi ilikuwa zamu yangu. Niko kibandani nachaji betri za watu, nikaropoka kwamba darubini ya Hubble, katika picha za 1994 hadi 1998, iliona mabonge ya gesi yakichomoka katikati ya galaksi ya M87 kwa kasi iliyoonekana kuwa mara nne hadi sita ya mwanga.

Baba mdogo akaacha kushona nyavu.

“Si wewe uliyeniambia hakuna kinachoupita mwanga? Kilomita laki tatu kwa sekunde, ukaniandikia na mlangoni.”

Kweli niliandika. Chaki ipo mpaka leo.

Ikabidi nimjibu kwa ziwa. Chukua upana wa kilomita 50. Mtumbwi unatoka ng'ambo ya Kongo kwa kilomita 9 kwa saa. Dakika hiyohiyo anatoka mjumbe na barua, “tumeng'oa nanga,” yeye anakwenda 10. Mjumbe anafika baada ya saa tano. Mtumbwi huo hapo, dakika 33 nyuma yake. Wewe wa ufukweni, ukianza kuhesabu ulipopokea barua, utaapa mtumbwi umevuka ziwa kwa kilomita 90 kwa saa. Hata ufunge Yamaha mbili!

Mjumbe ndiyo mwanga. Yale mabonge yanakuja upande wetu, mshazari kidogo, kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kwa hiyo yanaufuata kwa karibu mwanga yaliyoutoa yenyewe, na habari za miaka mingi zinatufikia zimebanana. Mwanaastronomia Martin Rees wa Uingereza alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1966, miaka kadhaa kabla darubini za redio hazijaliona kwenye kwasa, yaani vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata hiyo mara sita.

Akataka nimwonyeshe. Nikamwelekeza kwenye kundi la nyota la Mashuke, juu kabisa mwezi huu wa tano, ingawa M87 kwa macho matupu haionekani, mwezi uwepo usiwepo. Iko mbali kama miaka ya mwanga milioni 54, yaani mwanga wake husafiri miaka yote hiyo ndipo utufikie.

“Kumbe barua yenyewe ya zamani hivyo?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi usiseme yanakuja. Sema yalikuja.” Akavuta nyavu zake. “Na betri yangu imejaa?”

Ilikuwa bado.