Kumwita memba kwa jina lake: fomula za mchemraba katika ripoti ya dagaa

Kwa muda mrefu niliandaa ripoti ya mapokezi ya samaki, kwa ofisi moja ya wafanyabiashara hapa Kirumba, Mwanza, kwa kuelekeza seli za ripoti katika Excel kwenye seli za jedwali la pivoti, yaani jedwali linalojumlisha data na kujipanga lenyewe. Siku moja data ilipokea mwalo mpya (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) ambao jina lake lilitangulia mengine yote kwa alfabeti. Jedwali likajipanga upya, kila mstari ukashuka hatua moja, na kilo za Igombe zikasomeka mbele ya jina la Kayenze. Aliyegundua ni mzee mmoja mwenye mitumbwi, aliyeiangalia karatasi kwa utulivu kisha akasema, “Mwanangu, Kayenze hatukuvua hivi.” Hakukuwa na alama yoyote ya kosa kwenye karatasi ile, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tangu hapo ninatumia fomula za mchemraba, ambazo zimo katika Excel tangu toleo la 2007 na ziko saba. Mchemraba ni hifadhidata iliyopangwa kwa dimensheni, kwa mfano Samaki, Mialo na Siku, na kila dimensheni ina memba wake: dagaa, sangara na sato ni memba wa dimensheni ya Samaki. Fomula ya kumleta memba mmoja ni CUBEMEMBER. Jina la muunganisho, yaani kiungo kati ya faili na mchemraba, ninaliweka katika seli A1, nalo ni ThisWorkbookDataModel ikiwa data imo katika kielelezo cha data (Data Model) cha faili lenyewe. Kisha katika A5 naandika:

=CUBEMEMBER($A$1,"[Samaki].[Aina].&[Dagaa]")

Seli itaonyesha neno Dagaa tu, na mtu asiyejua atadhani limeandikwa kwa mkono. Lakini nyuma ya neno hilo seli imemshika memba mwenyewe, na fomula nyingine zikiielekea seli hiyo hupokea memba huyo pamoja na nafasi yake katika mchemraba. Hapo ndipo penye thamani yote. Mwalo nikiuita katika seli B4 kwa njia hiyo hiyo, na kipimo cha kilo (jumla ya kilo ambayo mchemraba huikokotoa) nikikiita katika A3, tarakimu inapatikana kwa fomula fupi:

=CUBEVALUE($A$1,$A5,B$4,$A$3)

Mialo ikiongezeka hata kumi, Kayenze itabaki Kayenze, kwa sababu seli inauliza kwa jina, haiulizi kwa mahali. Nikikosea herufi moja katika jina, seli hutoa #N/A. Nikikosea jina la muunganisho, hutoa #NAME?. Alama hizo mimi nazipokea kwa shukrani, kwani zinajitokeza mbele ya macho yangu kabla karatasi haijafika kwa wenye mitumbwi.

Asiyetaka kuandika fomula moja moja anaweza kuliagiza jedwali la pivoti lililounganishwa na mchemraba ligeuke kuwa fomula, kisha azihamishe seli apendavyo.

Jambo moja linahitaji uangalifu mkubwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hubaki ufukweni, kwa hiyo ripoti ya siku kwa siku ina siku nyingi zisizo na kilo. Pasipo na data, CUBEVALUE hairudishi sifuri, bali hurudisha maandishi matupu. Ukijumlisha seli hizo kwa alama ya + utapata #VALUE!, ilhali SUM huziruka bila tatizo. Safu yangu ya jumla sasa inatumia SUM, na seli za usiku wa mbalamwezi nimeziacha wazi, kwa sababu sifuri ingemwambia msomaji kwamba mitumbwi ilitoka ikarudi mitupu.