Nilivyoandaa Mafaili ya Bango Lililoshinda Shindano la Mtandaoni

Tangu bango langu lishinde shindano la ubunifu mtandaoni, wabunifu wenzangu hapa Dar es Salaam wamekuwa wakiniuliza nilitumia programu gani na wazo nililitoa wapi. Nami huwajibu kwa habari za mafaili, kwa sababu nimeshuhudia kazi nzuri kweli zikikwama kwa kasoro zisizohusiana hata kidogo na kipaji cha mchoraji. Mwenye shindano huchagua kwa kutazama kipicha kidogo kwenye simu yake, lakini zawadi kwa kawaida haitoki mpaka akabidhiwe faili ambalo mtambo wa kuchapa utalipokea. Mtu anaweza kushinda hatua ya kwanza na kuteseka katika ya pili.

Lilikuwa bango la tamasha la muziki katika mji mmoja wa bandari huko Ulaya, ukubwa wa A3, la kuchapwa kwa ofseti, yaani mashine inayochapa wino kwa kutumia pleti. Nilichora ngalawa juu ya bahari ya bluu iliyokolea, nikaizungushia pindo la khanga nililolibuni mwenyewe ua kwa ua, maana kuskani khanga ya dukani na kuipachika ni kuchukua kazi ya mtu mwingine, na mshindi hutakiwa athibitishe kwamba kila kilichomo ni chake au ana ruhusa nacho. Kwa sababu hiyohiyo fonti zangu zote zilikuwa za leseni huria.

Pindo lilihitaji hesabu. Karatasi zikikatwa kwa mafungu, kisu huweza kusogea kidogo, na fremu nyembamba iliyo karibu na ukingo huonekana imekaa upande. Nikalifanya pindo kuwa nene, nikalivusha nje ya mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yote nikayaweka ndani kabisa. A3 ni milimita 297 kwa 420. Ukijumlisha za kukatwa unapata 303 kwa 426, ambazo kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3,579 kwa 5,032. Ukubwa huo niliuweka kabla sijachora mstari wa kwanza.

Ndiyo maana unanikera sana ule ushauri wa "chora tu, mwishoni utabadilisha namba iwe 300", ambao nimeusikia hata kwa watu wanaofundisha kwa malipo. Picha yenye upana wa pikseli 1,000, ikitandazwa kwenye upana wa A3, inabaki na nukta kama 85 tu kwa kila inchi, na kuandika 300 kwenye kisanduku hakuongezi chochote kilichochorwa. Programu ikilazimishwa kuikuza, hujibunia pikseli za kujazia. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi, sufuria linajaa lakini nyama ni ileile. Pindo na maandishi nilivichora kwa vekta, yaani mistari inayotunzwa kwa hesabu badala ya pikseli, ambayo hukuzwa bila kupoteza makali, na bahari peke yake, kwa ajili ya michirizi ya brashi, ndiyo iliyobaki ya pikseli.

Bahari hiyo ndiyo ninayojivunia zaidi. Bluu inayong'aa kwenye skrini hutokana na mwanga, na wino nne za uchapaji, yaani sayani, majenta, njano na nyeusi, haziwezi kuifikia. Ukiiacha programu iibadilishe yenyewe, huimwagia majenta nyingi na bahari inageuka zambarau. Sikutaka kukisia, wala sikuwa na fedha za kulipia chapa ya majaribio ya bango zima. Nilikwenda Kariakoo kwa fundi wa mashine ya ofseti ninayemfahamu, nikamkuta anaandaa vipeperushi vya mteja, pleti, yale mabamba ya kuchapia, bado hazijatolewa. Kila karatasi hubaki na ukingo mweupe unaokatwa na kutupwa, na huo ndio niliomwomba. Alipoiona bluu yangu ya mwanzo alisema, "Dada, hii ukiileta hivi inatoka zambarau, usije ukanilaumu." Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka kukiona. Nilimpangia ukanda wa vimraba, sayani ikiwa asilimia 100 katika vyote na majenta ikishuka hatua kwa hatua kuanzia 100, kila kimraba na namba yake chini. Kwa soda na elfu chache nikapata ukanda wangu.

Niliutoa nje nikautazama juani, kwa sababu taa za dukani hudanganya macho. Vimraba vya mwanzo vilikuwa zambarau tupu kama bilinganya. Kufikia majenta 60 rangi ilikuwa bahari ileile niliyoikusudia. Mashine ya Kariakoo na ya Ulaya hazitoi rangi sawasawa, lakini kote bluu yenye majenta nyingi huelekea zambarau, hivyo nikabaki na 60. Herufi ndogo nilizipa wino mweusi peke yake, kwa kuwa wino nne zikikosa kulingana hata kidogo, herufi hupata kivuli.

Faili la PDF nililitengeneza kwa Scribus, ambayo ni ya bure na inazielewa rangi za wino, kisha nikalipeleka kwenye kompyuta ya steshenari ya mtaani isiyo na fonti zangu hata moja. Herufi zilikaa vilevile kwa kuwa nilikwisha kuzigeuza kuwa maumbo, na nakala yenye maandishi yanayoharirika niliihifadhi kando. Kipicha cha kuonyesha ni faili jingine kabisa, JPEG ya sRGB, yaani ya rangi za skrini, nililolipunguza mpaka likawa kama stempu na kuhakikisha kwamba ngalawa bado inaonekana.

Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa saa sita usiku ya Los Angeles. Wakati wa kiangazi chao hiyo ni saa nne asubuhi ya kwetu, na wakati wa baridi ni saa tano. Mimi nilipakia alfajiri ya siku iliyotangulia, intaneti ikiwa nyepesi, kwa bando la simu na betri iliyojaa, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu haungoji mashindano. Kabla ya hapo nilifuta leya zilizofichwa na kukata sehemu za bahari zilizofunikwa na pindo zisizoonekana, na faili likapungua kuliko nilivyotarajia. Baada ya kupakia nililipakua tena kwenye kompyuta nyingine, nikalifungua na kulikagua kona zote nne, kwani faili lililokatika njiani huweza kuonekana zima kwenye orodha.

Waandaaji walipotangaza ushindi na kulipeleka faili kiwandani kwao, mchapaji alilipokea bila kuomba marekebisho yoyote, na malipo yaliyoingia yamenitosha kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa.