Usiku wa Samari: Kutoka Mbozi hadi Rossendorf

Tramu namba 11 inaishia Bühlau, upande wa juu wa jiji la Dresden. Nilishuka hapo saa kumi na moja jioni, mwezi wa Novemba, giza limeshaingia, nikasimama kituoni kungoja basi la Rossendorf. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na kisanduku cha plastiki chenye vidonge vitatu vya oksidi ya samari (metali iitwayo kwa Kiingereza samarium), unga wa manjano hafifu ulioshindiliwa mpaka ukashikana. Vilikuwa vinne. Kimoja kilipasuka vidoleni mwangu nilipokuwa nakitoa kwenye kikandamizio, na tangu hapo kila basi likiyumba mkono wangu ulikwenda kifuani wenyewe.

Nimekulia Mbozi. Shuleni tulipelekwa kukiona kile kimondo cha chuma, tukakigusa kwa viganja, nami nikarudi nyumbani na swali ambalo halijaniacha: vitu hivi vilipikwa wapi? Mkoa wetu wa Songwe una pia mlima Ngualla wenye madini adimu, na watu wakiyataja huwa wanafikiria sumaku na bei. Samari ni wa ukoo huohuo. Mimi nilikuwa na haja naye kwa sababu nyingine.

Viini vingi vya atomu vizito kuliko chuma vilijengwa ndani ya nyota kwa kumeza nyutroni, moja baada ya nyingine. Lakini viko kama 35 vyenye nyutroni chache mno, haviwezi kupatikana kwa njia hiyo. Samari-144 ni kimojawapo: protoni 62, nyutroni 82, na katika samari yote ya asili ni asilimia 3 tu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nyota inapolipuka, joto likifika nyuzi bilioni mbili au tatu, mwanga wenyewe unakuwa mkali kiasi cha kung'oa vipande vya viini vikubwa. Hivi 35 ndivyo vilivyosalia. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini samari-144 ipo kwa kiasi hiki, lazima apime jinsi mwanga unavyoivunja.

Rossendorf ni kituo cha utafiti katikati ya msitu. Kilianza 1956, enzi za Ujerumani Mashariki, na Klaus Fuchs, yule aliyewapa Wasovieti siri za bomu la atomu, alifanya kazi hapa baada ya kutoka gerezani Uingereza mwaka 1959. Mashine niliyoijia inaitwa ELBE, sawasawa na mto unaopita Dresden. Ndani yake elektroni zinasukumwa kwenye vyumba vya niobi vilivyopozwa kwa heli ya majimaji, kama nyuzi mbili juu ya sifuri halisi. Zikishapata kasi zinagonga grafiti na kusimama ghafla, na nishati yao inatoka kama miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa mno. Wajerumani wanaiita *Bremsstrahlung*, mnururisho wa breki. Aliyewahi kukaa kiti cha mbele cha Coaster dereva akafunga breki bila taarifa hahitaji kuelezwa zaidi.

Kidonge changu kiliwekwa mbele ya miale hiyo pamoja na kipande chembamba cha dhahabu. Dhahabu inajulikana vizuri inavyovunjika, kwa hiyo ndiyo mizani yetu ya kujua mwanga ulikuwa mwingi kiasi gani.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Kumng'oa nyutroni kwenye samari-144 kunahitaji MeV 10.5 (MeV ni kipimo cha nishati; keV ni sehemu yake ya elfu). Protoni anang'oka kwa kama 6.3, ila bado ana ukuta wa umeme wa kupenya, kwa hiyo hutoka kwa nadra. Nyutroni akitoka inabaki samari-143, ambayo kwa nusu-uhai (muda wa nusu yake kuoza) wa dakika 8.75 inageuka promethi-143, kiini cha elementi nyingine. Protoni akitoka inabaki promethi-143 moja kwa moja. Njia mbili, mwisho mmoja, na promethi hiyo ikioza hutoa mstari uleule wa gama wa keV 742 kwenye kigunduzi, chombo cha kupimia miale! Ukiuona huwezi kujua ni mlango gani uliofunguka. Dawa yake ni kushusha nishati ya elektroni chini ya 10.5. Mlango wa nyutroni unafungwa kabisa, na chochote kitakachoonekana ni cha protoni. Gharama yake ni kwamba kitakachoonekana ni kidogo sana.

Tulikesha. Saa nane usiku nilitoka nje kupiga simu, Mbozi ilikuwa saa kumi na baba huamka mapema kwa ajili ya kahawa yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmeshapata hayo madini?"

"Hatuchimbi, baba. Tunayapiga mwanga tuone yanavyovunjika."

Akanyamaza kidogo. "Basi yapigeni taratibu," akasema, "msije mkayamaliza."

Asubuhi kidonge kilipopimwa mara ya kwanza, skrini ilijazwa na kilele kimoja kirefu kwenye keV 103. Hiyo ni samari-153, inayotokana na isotopu nyingine, yaani samari yenye idadi tofauti ya nyutroni, iliyomo kwenye unga uleule. Hospitalini hutumika kutuliza maumivu ya saratani iliyosambaa kwenye mifupa, na ninaiheshimu kwa hilo, lakini asubuhi ile ilikuwa kelele iliyofunika kila kitu. Nusu-uhai wake ni saa 46. Tukasubiri wiki tatu ipungue.

Kisha tukakipeleka Felsenkeller, mapango upande wa pili wa Dresden ambayo zamani yalitunza barafu ya kiwanda cha bia. Juu yako kuna mita 45 za mwamba zinazozuia sehemu kubwa ya miale itokayo angani. Humo ndani ni baridi, maji yanadondoka mahali fulani gizani. Nilikishika kidonge kwa koleo, nikakilaza juu ya kigunduzi cha gerimani, tukavuta kifuniko cha metali ya risasi.

Siku ya kwanza, kwenye 742, hapakuwa na cha kusema. Siku ya pili nukta chache zilisimama juu ya wenzake. Siku ya nne kilikuwa kilele, chembamba, kimenyooka.