Shunga: ufundi wa picha za mahaba, na kinachotushinda Dodoma

Anayejifunza kupiga chapa kwa mbao hukutana na shunga, picha za mahaba za Japani ya kale, na wengi huzipita upesi kwa aibu. Wanakosa shule. Kazi bora kabisa za kibao ziko humo, na marufuku ilichangia.

Mwaka 1722 watawala wa Japani, waliokaa Edo (Tokyo ya leo), walikataza vitabu vya mahaba. Havikukoma, vikauzwa kwa mlango wa nyuma, mara nyingi bila jina la mchoraji. Tangu 1790 picha za kawaida zilihitaji muhuri wa mkaguzi, na anasa ikabanwa. Shunga haikupita kwa mkaguzi, basi haikubanwa: rangi nyingi, unga wa metali, hata michoro iliyokandamizwa bila wino. Mchoraji Kitagawa Utamaro, aliyetoa kitabu cha shunga *Utamakura* mwaka 1788, alitiwa pingu siku 50 mwaka 1804, lakini si kwa mahaba. Alikuwa amemchora Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa zamani. Siasa ndiyo iliyowaudhi wakubwa.

Tazameni nguo. Wapenzi wa shunga kwa kawaida hawako uchi kabisa, maana mabafu ya umma yalikwishawazoesha watu miili. Kimono ndiyo ilitaja umri, cheo na mtindo wa mji, kama kanga inavyomsemea aliyeivaa.

Mchoro hubandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mcheri, kisha mchongaji huacha mistari tu imeinuka. Kila rangi ina kibao chake. Kinachozishika zote mahali pamoja ni alama mbili zilizochongwa ukingoni, moja ya pembe na nyingine ya mstari, ambako karatasi huegemezwa kila mara. Wino huchanganywa na uji mzito wa wanga wa mchele, ukapakwa kwa brashi, na karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake na kusuguliwa upande wake wa nyuma.

Hapa ndipo kiangazi cha Dodoma kinapoharibu kazi. Upepo mkavu hukausha karatasi kati ya rangi ya pili na ya tatu; ikikauka husinyaa, na mdomo mwekundu ukaangukia shavuni. Alama hazina kosa, msizichonge upya. Funikeni karatasi zote kwa nailoni baina ya vitambaa vilivyoloweshwa na kukamuliwa, usiku kucha, na mtoe moja moja. Karatasi ikilowa mno, rangi huvuja nje ya mstari.

Mninga ni mbao nzuri ya kitanda, si ya unywele wa mwanamke: nyuzi zake hupishana na vinyweleo vyake hutokea kwenye chapa. Utumieni kwa maeneo mapana ya rangi.

Mazoezi yaanze na mikunjo ya kimono, maana ndiyo migumu kuliko mwili. Picha zenyewe msizirushe mtandaoni: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyopitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma, inakataza picha za ngono katika kifungu cha 14.