Maswali ndani ya sufuria

Jumamosi jioni umeme ukikatika kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, hatulali mapema. Yaya, ndugu yangu mkubwa, anawasha mshumaa, mimi naleta sufuria ndogo yenye vikaratasi nilivyokata kwenye daftari la zamani, kila kimoja na swali lake. Majirani wanakuja na viti vyao. Mama anatoa karanga na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Unachomoa karatasi, unasoma kwa sauti, unajibu kabla wenzako hawajahesabu hadi 10. Ukikosa, unatoa karanga 5.

Mimi napenda swali linalomwinua mtu kitini. Juzi rafiki yangu alichomoa hili: mwaka 2010, TP Mazembe, timu yetu ya hapa, ilifunga timu gani ya Brazil ikaingia fainali ya klabu za dunia? “Internacional, 2-0!” Hajamaliza kusema, mdogo wangu yuko chini sakafuni, anarukaruka kwa makalio kama kipa wa Mazembe, Kidiaba, alivyokuwa akishangilia mabao. Mshumaa ukatikisika, Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Fainali Inter Milan ilitufunga 3-0. Hilo bado linaniuma, sijaliandikia karatasi.

Vitendawili navyo vimo, kwa ajili ya watoto. “Nyumba yangu haina mlango.” Yai! Wanalijua, lakini wanalipigia kelele kila mara kana kwamba ni jipya.

Leo nimeandika la misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa hapa Katanga kabla ya wakoloni. Nadhani litamshinda hata Yaya. Karanga nimeshanunua.