Ripoti ya Miaka 6 Haimtoshi Kijana Mwenye Ndevu

Ripoti ya kwanza ya mwanangu tuliipata kwenye kituo cha tathmini ya elimu, vile vya EARC vilivyoanza hapa Kenya mwaka 1984. Alikuwa na miaka 6. Iliandikwa: usonji (autism), hasemi, apewe mazoezi ya kuzungumza. Kwa wakati ule ilikuwa sawa kabisa. Lakini alifika miaka 14, ndevu zinaota, na shuleni bado wanamfundisha kwa karatasi ileile.

Nikanunua daftari. Kila muhula, na kila panapotokea badiliko kubwa la shule, nyumba au mwili, naandika upya: lipi anafanya peke yake, lipi anafanya mtu akiwa karibu, lipi lazima afanyiwe. "Usonji mkali" siandiki. Halimwambii mwalimu kama kijana anaweza kufunga vifungo vya shati. Safu ya katikati ndiyo naipenda zaidi, maana huko ndiko anakokua.

Kuna wakati alianza kujipiga taya. Majirani wakasema hali imezidi. Nikirudi kwenye daftari, tabia hiyo haimo, ila nilikuwa nimeandika kwamba hataki kutafuna upande mmoja. Daktari wa meno akakuta jino limeoza. Siku hizi tabia mpya ikizuka natafuta maumivu kwanza, kisha usingizi, kisha kifafa, kwa sababu baadhi ya wenye usonji huanza kukipata wakati wa kubalehe.

Shule ilipoisha, hakuna ofisi iliyotuita. Tulikwenda wenyewe hospitali ya serikali kufanyiwa tathmini, tukapata kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Inasaidia, sikatai, ila haiulizi kama mtu anajua kuhesabu chenji. Sasa anakunja leso dukani kwa shangazi yake, pindo juu ya pindo, hakuna anayemfikia. Wateja wakianza kuvutana bei anaziba masikio. Kwa hiyo anachohitaji ni mtu wa kusimama mbele na wateja, yeye abaki nyuma na leso zake.

Safari hii nimemuuliza mwenyewe: picha za shughuli, picha za watu wa nyumbani, visanduku viwili, nataka na sitaki. Picha ya kuoga akaitia kwenye nataka. Yangu, niliyokuwa nimeibandika pembeni yake, akaibandua akaitia kwenye sitaki. Mambo ya bafuni sasa ni ya mjomba wake, na nimeyaandika hivyo.