Msokota kamba apata riwaya yake

Riwaya yangu ya kwanza ilihusu kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Waomani nje, Wareno ndani. Humo mama mmoja alipita kurasa chache tu, akisokota kamba za kushonea mitepe, vyombo vya tanga ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba. Wasomaji wengi wameniulizia yeye kuliko makapteni, na wana haki! Sasa namwandikia riwaya yake mwenyewe. Jana, hapa Mji wa Kale, bibi mmoja alinionyesha kazi ile: makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni pwani hupondwa, nyuzi zikabiringishwa pajani kwa kiganja mpaka zikaze. Sura nzima nimeipata pale. Wazee wa Mvita, mwenye kukumbuka nyimbo za wasokotaji aniandikie, tafadhali sana.